Mkono Niliowaficha Madaktari

Ninacheka nikisimulia haya, lakini msinitazame sana usoni, maana ni aibu ambayo hata mke wangu aliisikia kwa majirani kabla ya kuisikia kwangu, na chanzo chake ni neno moja tu nililomjibu daktari nikiwa kitandani.

Miaka ile ya kupanga foleni ya sabuni nilikuwa mwalimu Nkowe, mtu wa Singida niliyeletwa kule na barua ya uhamisho, asubuhi nafundisha watoto, alasiri nafundisha kisomo cha watu wazima, na mimi ni mashoto (mwalimu wangu wa darasa la pili alinichapa viboko vya kunibadilisha mpaka akachoka yeye). Basi figo zangu zikafa zote mbili, nikapelekwa ng'ambo, na kaka yangu akakubali kunipa yake moja. Tulipokuwa tukisubiri upasuaji wa kunipandikizia figo hiyo ilibidi damu yangu isafishwe kwa mashine, na ili mashine ipate damu ya kutosha wanakupasua kwenye kifundo cha mkono na kuunganisha mishipa miwili, tena wanachagua mkono usio na kazi nyingi. Daktari akaniuliza, "Unatumia zaidi mkono upi?"

Nikasema, "Wa kulia."

Jamani, ningesemaje? Tangu natambaa niliambiwa mkono ni wa kulia, ndio wa kulia chakula, wa kusalimia, wa kupokelea kitu cha mkubwa, na yule daktari alikuwa na mvi kichwa kizima! Nikaona haya kumtajia wa kushoto. Basi wakaupasua huohuo wa kushoto, ulioandika kila nilichowahi kuandika duniani.

Nikarudi Nkowe na figo ya kaka, naringa. Ule mshipa waliouunganisha waliuacha, ukiuweka sikioni unanguruma kama mashine ya kusaga, watoto wakawa wanagombania kuusikiliza. Lakini baada ya miezi vidole vikaanza kuwa vya baridi, vikapauka, usiku vinauma kisha haviumi tena, chaki inaniponyoka, na mimi kwa kichwa changu kigumu nasema ni uchovu, maana nikienda hospitali wataniuliza kwa nini mkono huu, nami nitajibu nini? Kijijini wakaanza kunong'ona kwamba mkono wa mwalimu umekufa.

Ndipo siku ya mkutano wa wazazi nikaamua (uamuzi mdogo kabisa!) kugawa chai mwenyewe, ili kila mtu auone mkono ukifanya kazi. Nikaanza na Mzee Mnonjela, mwanafunzi wangu wa kisomo, aliyekuwa amekaa mbele kabisa na kanzu yake nyeupe. Birika mkono wa kulia, kikombe cha bati mkono wa kushoto, namimina taratibu huku nasimulia habari za ng'ambo, sisikii chochote, kikombe kimejaa chai iliyotoka kuchemka na mimi nimekikumbatia kwa vidole vyote. Nikaweka birika chini, kwa adabu nikakihamishia mkono wa kulia ili nimpe mzee, na huo mkono wa kulia, ambao ulikuwa mzima, ukaungua papo hapo ukakirusha. Chai yote kwenye kanzu ya mzee!

Alipomaliza kuruka hakunigombeza. Aliushika mkono wangu wa kushoto, akauinua, malengelenge yamejaa na vidole vyeupe kama unga wa muhogo, akauliza mbele ya watu wote, "Mwalimu, ulikishikaje muda wote huo?" Nilitamani ardhi ipasuke.

Kesho yake ni yeye aliyenipandisha lori la korosho mpaka Nachingwea, akanifutia vumbi benchi la hospitali na kunikalisha. Daktari mpasuaji akausikiliza mshipa, akasema damu inakata kona hapo kifundoni na kurudi, vidole vinakufa njaa, lazima aufunge mshipa leo hii, ingawa mkono huo mashine haitautumia tena. Kisha akauliza lile swali. Nikamwambia ukweli, muuguzi akageukia dirishani, mabega yanamtikisika.

Wakaniletea karatasi ya kukubali kupasuliwa. Mkono wa kushoto haukuweza kushika kalamu, wa kulia ukachora kitu ambacho mtoto wa chekechea angekionea aibu, muuguzi akasema, "Basi, Mwalimu, weka dole gumba." Mimi! Niliyewakaripia watu wazima miaka minne waache dole gumba! Nikalichovya kwenye wino, nikaligandamiza, machozi yakanitoka. Panapohitaji sahihi ya shahidi Mzee Mnonjela akachukua kalamu, akaandika jina lake lote, herufi zimelalia kushoto kama nilivyokuwa nikiandika mimi ubaoni.

Nilipozinduka kifundo kilikuwa kimya. Kiganja kilipata joto, lakini kwa vidole vitatu tulikuwa tumechelewa, wakavikata wiki ile.

Sasa nakaa benchi la nyuma kwenye kisomo, najifunza kuandika kwa mkono wa kulia, na Mzee Mnonjela ndiye anayenikagulia daftari. Nimeapa sitamdanganya tena daktari kwa kuona haya. Lakini siku figo ya kaka ikigoma hakuna atakayeniuliza mkono upi, maana uliobaki wa kupasuliwa ni huuhuu ninaojifunzia kuandika.