Waya wa Kwenye Korido

Kaka yangu wanamwita Panya, naye huitika bila kinyongo. Maisha yake ameyamalizia juu ya dari za watu na ndani ya kuta zao. Ukiingia sebuleni kwa mtu ukakuta runinga imekaa ukutani kama picha, spika zimetulia pembeni, mtandao unafika hadi chumba cha mwisho, na huoni waya hata mmoja, huenda Panya alipita hapo. Akishaondoka hakuna anayemkumbuka. Nadhani hicho ndicho anachokipenda katika kazi yake, ingawa sijawahi kumwuliza.

Ana masharti yake. Waya ndani ya ukuta ushuke wima au ulale sawasawa, usikate mshazari kamwe, maana siku moja mwenye nyumba atapigilia msumari wa saa. Nyaya za mtandao zisilale bomba moja na za umeme. Na kila bomba la plastiki analolifukia huliachia kamba ndani, ili atakayekuja baadaye kuongeza waya aufunge hapo na kuuvuta bila kubomoa. Mahali fulani wapiga plasta waliikuta kamba hiyo, wakaichomoa, wakanyooshea ukuta. "Kamba nzuri, Panya, umetufaa sana," walimwambia. Alinisimulia huku akicheka, lakini siku hiyo hakumaliza chai yake.

Kwake mwenyewe, mganga hajigangi. Nyuma ya runinga nyaya zilisokotana kama matumbo. Mbaya zaidi ulikuwa ule wa kwenye korido. Binti yake alipoanza kusomea nyumbani kwa kompyuta, Panya alivuta waya mweusi wa mtandao kutoka sebuleni hadi chumba cha mwisho, haraka haraka, akaupigilia vibanio usawa wa kiuno, pale pale rangi ya mafuta ilipoishia na rangi ya maji ikaanza. "Ni wa muda tu," alisema. Muda huo ukawa miaka. Karibu na mlango wa choo kibanio kimoja kiling'oka, waya ukaning'inia kama mdomo wa mtu aliyenuna.

"Wifi, hebu niambie," mkewe alikuwa akinilalamikia, "fundi mzima anaficha nyaya za watu, halafu mimi wageni wangu nawapokea na utumbo huu?"

"Huu hauna haraka," Panya alisema. "Haujakimbia."

"Ungekimbia ningeushukuru."

Kisha Baba akahamia kwao. Alikuwa na presha ya macho, na daktari alishatuambia kwamba kilichopotea hakirudi. Alikubali kuja kwa sharti moja. "Nisishikwe mkono," alisema. "Siku nitakayopelekwa chooni kama mtoto, jueni nimekwisha." Sisi tulicheka. Yeye hakucheka.

Alipofika alitushangaza. Alitoka chumbani kwake peke yake, akaenda chooni, akaja sebuleni, bila fimbo na bila kugonga kitu. Tukaambiana kwamba labda macho hayajaharibika kiasi hicho. Binadamu huamini kwa urahisi lile linalompunguzia kazi.

Mwaka huu Panya akaamua kumfurahisha mkewe. Baba alikuja kukaa kwangu wiki hiyo, ili vumbi lisimsumbue. Panya akachimba mfereji ukutani, akafukia bomba, akapitisha waya, akapiga plasta. Rafiki yake wa siku nyingi, mpaka rangi asiye na breki mdomoni, akaipaka korido yote rangi moja ya maziwa, kutoka chini hadi juu. "Huu ukuta hata nzi akitua atateleza," alijisifu. Wifi alipita pale mara kwa mara bila shughuli yoyote, akiimba.

Baba akarudi. Tangu siku hiyo hakutoka tena chumbani.

Kwanza alisema miguu imechoka. Kisha akaomba chai iletwe kitandani. Kisha wifi akagundua kwamba glasi ya maji inarudi imejaa. Mzee alikuwa amepunguza kunywa, ili asipatwe na haja. Tulikuja kulielewa hilo baadaye. Wakati ule tuliita uzee.

"Nimemkosea nini mkwe wangu?" wifi alinipigia simu akilia. "Hanigombezi, hanisemeshi. Bora angenigombeza."

Nikaenda Jumapili. Baba aliniambia yuko sawa, akageukia dirisha. Nilipotoka nilimkuta Panya amechuchumaa koridoni. Ana mazoea ya kurudi kukagua plasta yake, isije ikapasuka juu ya bomba, na hukagua kwa kuegemeza shavu ukutani ili mwanga wa dirishani umwonyeshe kasoro.

"Dada, njoo uone."

Niliinama. Juu ya ile rangi safi palikuwa na alama za vidole, usawa wa kiuno. Zilianzia mlangoni kwa Baba, zikafuatana hatua chache, zikapanda, zikashuka, zikatawanyika kama za mtu anayetafuta kitu kilichoanguka. Kisha hazikuendelea.

Panya alisimama akagonga mlango wa Baba. Mimi na wifi tukabaki kizingitini.

"Baba, ule waya wa kwenye korido, ulikuwa ukiushika?"

Baba aliugeuza uso kutoka dirishani. Kisha akauliza, "Umeupeleka wapi?"

"Nimeufukia ukutani. Hauonekani tena."

"Kwangu ulikuwa hauonekani siku nyingi."

Panya akakaa kitandani kando yake. "Mbona hukusema?"

"Niseme nini? Mwanangu, niachie uchafu wako? Mkeo alikuwa anaimba, namsikia." Akapitisha kiganja hewani, polepole, kama mtu anayelaza kitambaa. "Nikiuweka mkono juu yake, naenda. Ukilegea, hapo ndipo choo. Ukikata kona, sebule. Sikumsumbua mtu."

"Nitakupigilia ubao wa kushikia, wa msonobari, laini kabisa."

"Kama wodini?"

"Baba, ni ubao tu."

"Ubao huo kila aingiaye atauliza ni wa nani. Waya nani anauliza?"

Wifi alikuwa amejifuta uso kwa ncha ya khanga. Ndiye aliyekwenda stoo, akarudi na kipande kirefu cha waya mweusi, kimekatwa pande zote mbili. "Huu unafaa?" aliuliza.

Panya akaupigilia siku ile ile. Nilimtazama mtu ambaye ujana wake wote aliutumia kufuta nyaya machoni pa watu, akipigilia ukutani waya usiounganishwa popote, juu ya rangi ambayo harufu yake haijaisha. Mkono wake ulikuwa ukitaka kunyoosha kila kibanio. Ilibidi ajizuie.

"Usisahau kuulegeza pale chooni," wifi alimkumbusha.

Baba akaitwa aujaribu. Akaweka kiganja, akatembea, akasimama. "Ulilegea zaidi ya hapa."

"Hapa?"

"Zaidi. Ulifanya kazi mbovu kweli, Panya. Usijipendelee."

Tukacheka wote, na Panya akang'oa kibanio kingine.

Kesho yake mpaka rangi alikuja kuchukua ngazi yake. Nilikuwa jikoni na wifi, nikasikia sauti imepanda.

"Panya! Umeufanya nini ukuta wangu? Misumari! Na hili liwaya linaenda wapi?"

Kabla Panya hajajibu, mlango wa chumba ulifunguliwa. Baba alitoka, mkono mmoja ukiwa juu ya waya.

"Chooni," alisema. "Nipishe, baba."

Mpaka rangi akajibana upande wa pili, akampisha.