Stojna na Kilima Kilichomchukua Mumewe

Saa kumi alfajiri, Stojna Velkovska anapanda kilima, ufagio begani, tochi mkononi. Anakwangua nta ya mishumaa kwenye viti vinne vya mawe, ambako maelfu ya miaka iliyopita watu walikaa kulitazama jua likichomoza katika pengo la mwamba. Leo ndiyo siku ndefu kuliko zote katika mwaka. Wageni watajaa.

"Wanakuja kuliabudu jua, wanatuachia vipisi vya sigara," analalamika. "Hao wa kale walikuwa na adabu zaidi."

Ana miaka hamsini na tisa. Kijiji chake, kaskazini mwa Makedonia, kimebaki na watu kumi na mmoja. Kazi hii ya kulinda na kusafisha kilima ilikuwa ya mumewe, Spase.

Alasiri moja ya Agosti, miaka miwili iliyopita, wingu zito lilitanda. Wageni watatu walikuwa bado juu wakipiga picha, na simu huko hazishiki mtandao. Spase akavaa koti.

"Nikamwambia, 'We mzee, waache, mvua ikiwachapa watashuka wenyewe.' Akanicheka. 'Wakinifia huko, nani atawabeba? Wewe?'"

Wageni walishuka mbio, wakaingia garini, wakaondoka. Spase hakushuka. Radi ilikuwa imempiga. Stojna alimkuta ameegemea kiti cha tatu, kiatu kimoja kimepasuka.

"Nilidhani amepumzika. Nikaanza kumgombeza," anasema.

Leo jua linapochomoza, watu wanapiga makofi na kuanza kutawanyika. Msichana mmoja anabaki. Anaitwa Biljana, ni muuguzi kutoka Skopje, na ana chupa ya rakija, pombe kali ya matunda, mkononi.

"Shangazi, yule mzee aliyetufuata siku ya radi yuko wapi? Nimemletea hii. Hatukumshukuru."

Stojna anauweka ufagio chini.

"Amekufa, mwanangu. Siku ileile."

Biljana anaketi chini pale pale. "Alituita mara mbili. Mimi ndiye niliyesema tupige picha moja zaidi."

Kisha Stojna anaichukua chupa, anaifungua, anamwaga kidogo ardhini kwa ajili ya marehemu na kumpa msichana anywe.

"Miaka miwili nimepanga matusi ya kuwatukana wale watatu," anasema baadaye, Biljana akiwa ameshaondoka. "Nilipomwona huyu ameketi chini vile, sikupata hata moja."

Barua zake tatu kwa wakubwa wa serikali, akiomba king'ora cha kuwaonya wageni radi inapokuja, hazijajibiwa. Sasa ameamua kuing'oa kengele ya shule ya kijiji, iliyofungwa kwa kukosa watoto, na kuitundika chini ya kilima kabla ya Agosti. Biljana ameahidi kurudi Jumamosi kusaidia kuibeba.

"Ikilia, washuke. Asiyeshuka, simfuati," anasema Stojna kwa ukali.

Anatazama juu kwenye miamba.

"Nitamfuata tu. Lakini nitamtukana njia nzima."