Kozi Nilizomchagulia Mdogo Wangu

Mdogo wangu alipata B kwenye mtihani wa kidato cha nne, na kwetu mtaani Baba Dogo ile B ilipigiwa vigelegele kutoka orofa ya kwanza hadi ya tano. Yeye alitaka ualimu, basi. Siku za kujaza kozi za chuo kikuu zilipofika alikuwa hoi kwa malaria. Akanipa nywila yake ya kuingilia tovuti ya maombi na karatasi aliyoiandika mwenyewe: mstari wa kwanza ualimu, wa pili ualimu, hivyo hivyo hadi mwisho, vyuo tu ndivyo vilivyotofautiana.

Mimi nauza magauni ya mitumba sokoni Gikomba. Huko hakuna anayetaja bei anayoitaka. Unaanza juu, mteja anang'aka, mnateremka pamoja mpaka mkutane. Kwa ujuaji wangu nikadhani hata serikali huenda hivyo. Nikiomba ualimu, nilijiambia, watampa kitu cha chini yake. Nikiomba udaktari, watateremka hadi kwenye ualimu, na sote tutaridhika.

Nikaenda saiba, pale mtaani wanapokodisha kompyuta zenye intaneti. Mama mwenye saiba aliisoma ile gredi mara mbili.

"Madam, na hii B hawezi ingia udaktari."

"Wee andika tu. Wao watashukisha."

"Hii mashine haijui kushukisha. Ikikataa, imekataa."

Nikamwambia ashughulike na kibodi yake. Udaktari, ufamasia, uhandisi, sheria. Karatasi ya mdogo wangu nilikuwa nayo mkononi muda huo wote.

Ujumbe ulipokuja, ulisema hakupata nafasi. Mama yetu alilia, nami kabla sijaulizwa lolote nikasema, "Ni kompyuta ya serikali, mama. Imechanganya watoto."

Duru ya pili ilipofunguliwa, mdogo wangu aliingia mwenyewe kwenye tovuti akaona nilichojaza. Nafasi za ualimu alizozitaka zilikuwa zimejaa. Alinikuta jikoni nikikata sukuma wiki.

"Dada, karatasi yangu uliisoma?"

"Niliisoma."

Hakuuliza tena. Afadhali angenitukana. Akaingia kiwanda cha sabuni hapo mtaani asubiri mwaka mmoja, na huu sasa ni wa nne. Nimemsihi mara ngapi aombe tena! Anasema hamu imemwishia. Naona aibu, na aibu yenyewe haimrudishii kitu.

Jumapili iliyopita mama alikuwa na wageni, majirani wapya. Akaanza hadithi yake ile ile: "Huyu wangu angekuwa mwalimu leo. Kompyuta ndiyo ilimwonea." Nilikuwa nimejiapiza kwamba akiisema tena nitakiri mbele ya yeyote atakayekuwepo. Nikaweka kikombe chini, nikafungua mdomo.

Mdogo wangu akaniwahi. "Ni kweli, mama," alisema, "ilikuwa kompyuta." Kisha akanisogezea sahani ya chapati bila kunitazama. "Kula, dada."

Nikala.