Viatu vya Thabo

Nakumbuka asubuhi moja karibu na Pasaka, mwaka 2016, nimesimama katika chumba tulichopanga mtaa wa Berea, hapa Johannesburg, nimeshika viatu vya shule vya mtoto. Mwanangu, usicheke kuitwa mwanangu na mtu ambaye hajafika thelathini. Mimi ni mama yako mdogo, na mwakani unakuja kusoma huku, kwa hiyo nisikilize.

Chumba kile niliishi na mwanamke wa Lesotho, mfuaji wa shuka za hoteli. Lesotho ni nchi ndogo iliyozungukwa na Afrika Kusini pande zote. Huwezi kutoka humo bila kupita kwa jirani yule yule. Nchi nzima ni milima, hata mabonde yake yako juu. Kwao Mokhotlong theluji huanguka, na watu hupanda farasi wamejifunika mablanketi. Mimi wa Tanga sikuamini mpaka nikatafuta picha. Ndivyo nilivyokuwa: chuoni Braamfontein niliwabishia wahadhiri, nyumbani nilimhoji hata ustadhi.

Alijitambulisha kwa jina la 'MaThabo. Nikasema basi, huyu ni Mama Thabo. Kila asubuhi, kwa adabu za kwetu, nilimuuliza kama Thabo hajambo. Alijibu kwamba hajambo, akaendelea kupiga pasi, nami nikakimbilia basi.

Siku hiyo alikuwa akifunga mzigo wa kwenda kwao. Nikamkabidhi viatu, nikasema ni zawadi ya Thabo, kama havimtoshi nitabadilisha.

Alikaa kitandani.

"Thabo hajazaliwa, ausi," alisema. Ausi kwao ni dada. "Kwetu bibi harusi hupewa jina la mtoto anayengojewa. Mimi nimemngoja tangu ujana."

Nikamuuliza kwa nini alinijibu siku zote hizo.

"Hukuwa unasimama kusikia jibu," alisema. "Na hapa Johannesburg hakuna mwingine aliyekuwa akimuulizia."

Kisha akaniambia kinachompeleka nyumbani. Mume wake alitaka mke mwingine, na ukoo ulikuwa umemwita kikaoni. Hakujua kama angerudi akiwa bado mke wa mtu. Tumelala chumba kimoja mwaka mzima, mwanangu, na hilo sikulijua. Mimi, wa kuhoji kila kitu.

Mlangoni akageuka.

"Nikirudi, usiniulize habari za Thabo. Niulize habari zangu."

Aliporudi nilimuuliza, nikaketi. Basi likaondoka bila mimi. Aliongea mpaka chai ikapoa: mume ameoa, yeye ameiacha nyumba ile, jina amekataa kuliacha. Akacheka kwamba wakwe wanaweza kudai mablanketi waliyomvika siku ya harusi, si jina.

Vile viatu vilivyokuja Tanga kwa mdogo wako ndivyo hivyo. Ni yeye aliyesema vivaliwe.

Kwa hiyo ukifika huku, usidhani adabu za kwetu zinakuonyesha maisha ya kila mtu. Utakutana na Waburundi, Wakongo, Wasotho. Jambo unaloona unalijua tayari, hilo ndilo la kuuliza kwanza, na ukiuliza, kaa chini usikie.

Mungu akufikishe salama, akupe jirani wa kukusahihisha, na moyo wa kustahimili utakachosikia.