Anajua kitabu cha kila mtoto, isipokuwa cha mjukuu wake

Saa nne kasoro robo, Jumamosi, na duka la vitabu limeshachangamka. Nje wauza madaftari wanagombea wateja. Ndani, upande wa nyuma ambako rafu ni fupi na zulia limeliwa na viatu, mwanamke mwenye miwani iliyoning'inia kwa kamba shingoni amepiga magoti. Hasali. Anaangalia miguu ya mtoto.

Mtoto mwenyewe ni mvulana wa miaka kumi na mmoja, na kitabu kinene alichoshika amekabidhiwa na baba yake. Macho yake yako kwenye ukurasa, lakini kisigino kimoja kinasugua kingine, na vidole vya mguu vimeshaelekea mlangoni.

"Hiki hapana," anasema mwanamke huyo, akijiinua kwa kushika rafu.

"Hapana vipi, mama?" baba anauliza. "Yuko darasa la tano. Mwalimu kasema asome vitabu vya darasa la tano."

"Kasema vizuri. Ila mwanao hajageuza ukurasa tangu nipige magoti, na haya magoti yangu si ya kupigwa muda mrefu." Kisha anamgeukia mtoto. "Kijana wangu, ukiachwa peke yako nyumbani, huwa unafanya nini?"

Mvulana anamtazama baba yake kama mshtakiwa anayemtafuta wakili.

"Sema tu. Baba hatakuuma."

"Nachokonoa redio," anasema kwa sauti ya chini.

"Redio ya nani?"

Mvulana anainua kitabu kinene, anajificha uso.

"Kumbe ni wewe!" baba anaruka. "Na mimi nimemlaumu fundi mwezi mzima!"

Mwanamke hayupo tena hapo. Amekwenda rafu ya tatu, anarudi na kitabu chembamba na kipana, chenye picha za matumbo ya mashine: saa, pampu ya maji, cherehani. Chini ya kila picha kuna mistari miwili tu ya maneno, kwa herufi kubwa.

"Lakini mama, hiki ni cha watoto."

"Na huyu ni nani, baba mkwe wako?"

Foleni ya wazazi nyuma yao inaangua kicheko. Mvulana hacheki. Ameshafika kwenye pampu, na miguu yake imetulia kama iliyopigwa misumari sakafuni.

Wateja wanamwita Mama Kurasa. Ana miaka hamsini na minane, na kwa miaka ishirini na miwili kona hii ya vitabu vya watoto imekuwa yake. Hakuipata kwa cheti. Aliingia dukani akiwa mfagizi, mwanamke anayesoma kwa kuokota herufi moja moja kama anayechambua mchele. Jioni tatu kwa wiki, baada ya kuosha ndoo, alikwenda kwenye darasa la watu wazima lililokuwa likifundishwa kwenye shule ya msingi ya jirani. Alikaa kwenye dawati la mtoto wa darasa la kwanza, magoti yakigusa kidevu, kwa miaka minne.

"Nilianza na vitabu vya watoto kwa sababu ndivyo nilivyoviweza," anasema. "Nikifuta vumbi, nafungua. Wenzangu walinicheka. Nikawaambia chekeni, mimi nasoma."

Aliposoma rafu nzima, alianza kuona mambo ambayo wauzaji wenye elimu yao hawakuyaona. Aliona kwamba kitabu kilichoandikwa nyuma "miaka saba hadi tisa" humchosha wa saba huyu, na yule wa tisa kikamtisha. Siku moja mteja aliuliza kitu, muuzaji akababaika, mfagizi akajibu. Baada ya mwaka, mwenye duka alimnyang'anya ufagio.

"Umri ni wa kwenye cheti cha kuzaliwa," Mama Kurasa anaeleza. "Yuko wa miaka sita anayetaka kujua kwa nini watu wanakufa. Yuko wa kumi na mbili anayetaka bado kusomewa, ila anaona haya kusema. Ukimpa kila mmoja kitabu cha miaka yake, umewakosea wote."

Aliwahi kumpa kitabu cha mbwa msichana aliyekuwa akipiga kelele akiona mbwa hata kwenye kalenda. Msichana yule sasa anafuga watatu, na mama yake hajamsalimu Mama Kurasa tangu hapo.

Kazi hii haijamtajirisha. Nusu ya mshahara humezwa na kodi ya vyumba viwili, na robo huishia kwenye nauli na dawa ya presha. Lakini ukimuuliza shida yake ni nini, hataji hata kimoja kati ya hivyo. Atavua miwani aifute kwa upindo wa kitenge, hata kama ni safi.

Miaka sita iliyopita, binti yake wa pekee alipata kazi ya kutunza wazee katika nchi ya mbali. Aliondoka na mtoto wake, msichana wa miaka minne aliyekuwa analala kitanda kimoja na bibi yake. Mtoto huyo hakuwa anasinzia mpaka asomewe kitabu kimoja cha kuku aliyepotewa na vifaranga, tena mara mbili. Bibi akijaribu kuruka ukurasa ili akalale, sauti ilitoka chini ya shuka: "Bibi! Yuko wapi kifaranga mwekundu?"

Mpaka leo Mama Kurasa hulala upande mmoja wa kitanda. Ule mwingine hautandui.

Kila mwaka, mwezi aliozaliwa mjukuu, alimtumia kitabu. Mara nyingi gharama ya posta ilizidi bei ya kitabu chenyewe. Cha kwanza kilikuwa cha kuku. Cha pili cha bata. Cha tatu cha kuku tena, ila safari hii wana shamba lao. Ikaendelea hivyo hadi cha sita.

Kila Jumapili alipiga simu, na kila mwaka simu zikawa fupi. Mjukuu alikuwa anasoma na kucheza kwa lugha ya huko. Kiswahili kikabaki cha kuamkia. "Shikamoo, Bibi. Nzuri, Bibi. Asante, Bibi. Haya, Bibi." Mama Kurasa aliyajua maneno hayo yote kwa zamu zake, na aliyangoja wiki nzima.

Miezi mitatu iliyopita binti yake alimwambia jambo ambalo pengine alikuwa amelimeza siku nyingi.

"Mama, usijisumbue tena kutuma vitabu. Gharama zote hizo."

"Havifiki?"

"Vinafika. Viko kwenye kasha, chini ya kitanda."

"Kwa hiyo havisomi."

"Mama, mtoto ana miaka kumi. Vya kuku anaona kama unamtania. Na vya umri wake, Kiswahili chake hakifiki. Nifanyeje?"

Siku hiyo hakula. "Nilimlaumu mama yake," anakiri. "Nikasema moyoni, amemnyang'anya mtoto lugha, sasa ananirudishia na vitabu vyangu. Hasira hazikunitoka siku tatu."

Siku ya nne alipiga moyo konde. Aliamua atatuma kingine, kizuri kuliko vyote, kisha waone. Akachagua rafuni kitabu chenye jalada gumu na picha za kung'aa, akakipeleka kwa keshia. Keshia ni mwanamke aliyefanya naye kazi miaka tisa, na mdomo wake hauna breki.

"Cha nani hiki?"

"Cha mjukuu."

"Anapenda nini siku hizi?"

"Kuku."

"Nani kakwambia?"

Mama Kurasa alivua miwani, akaifuta kwa upindo wa kitenge.

"Ngoja nikuulize," keshia akasema, kitabu bado mkononi. "Aje mteja hapa. Akwambie anataka kitabu cha mtoto ambaye hajamtia machoni miaka sita, hajui anapenda nini, hajui anaogopa nini. Ungemuuzia?"

"Ningemwambia akamuulize mtoto kwanza."

"Akikataa?"

"Ningemfukuza."

"Basi jifukuze, shoga yangu. Mlango ule pale."

Watu walicheka, na yeye akacheka nao. Halafu akaenda chooni akafunga mlango. Alipotoka alikirudisha kitabu rafuni, mahali pake hasa.

"Nilikuwa namtumia vitabu mtoto wa miaka minne," anasema sasa, taratibu, kama anayesoma maandishi yaliyofifia. "Huyo mtoto hayuko tena. Hayuko kwangu, hayuko hata kwa mama yake. Amekua. Mimi nilikuwa namtaka arudi, na nilidhani nikiendelea kumtumia kuku atarudi."

Jumapili iliyofuata alipiga simu kama kawaida. Salamu zilipokwisha, hakuaga.

"Mjukuu wangu, siku hizi unapenda nini?"

Simu ilikoroma. "Kupenda... nini, Bibi?"

"Chochote. Ukiwa peke yako chumbani."

"Napenda vile vitu." Mtoto alikwama, akavuta pumzi. "Ndani ya mtu. Ngumu. Nyeupe."

"Meno?"

"Hapana, Bibi! Yote! Mkono, mguu, kichwa."

"Mifupa!"

"Mifupa," mtoto akarudia, kama anayeonja kitu kwanza kabla ya kumeza. "Mifupa iko mia mbili na sita."

"Usiniambie! Mimi nilidhani ni kama kumi na tano hivi."

"Bibi!" Na mtoto akamcheka bibi yake kwa lugha zote mbili.

Kilichofuata kilikuwa kazi ngumu kuliko zote alizowahi kufanya dukani humo. Kwenye rafu za wadogo alikuta vitabu vya mwili vinavyosema hii ni pua yangu, haya ni macho yangu. Hayo ni matusi kwa mtu anayejua mifupa mia mbili na sita. Alitafuta siku tatu, kati ya mteja mmoja na mwingine. Mwisho alikipata kwenye rafu za wanafunzi wakubwa: kitabu cha mwili wa binadamu, kurasa tisini na sita, michoro mikubwa ya mifupa iliyochorwa kwa mkono wa mtu mwenye subira. Maneno yalikuwa madogo na mazito. Fuvu. Uti wa mgongo. Maungio.

Kwa miaka ishirini na miwili Mama Kurasa hajampa mtoto kitabu kinachomshinda kusoma. Anaamini kitabu cha namna hiyo humfunza mtoto kitu kimoja tu, kwamba yeye ni mjinga. Hiki, alijua bila kuuliza, kingemshinda mjukuu wake kwenye mstari wa kwanza.

Akachukua nakala mbili.

"Viwili?" keshia akashangaa. "Umepata mjukuu mwingine wewe?"

"Kimoja changu."

"Hicho kitamshinda mtoto. Hata mimi kinanishinda."

"Najua. Ndiyo maana nakitaka."

Anaifafanua hesabu yake hivi: "Kikiwa rahisi atakimaliza peke yake, kiende kwenye kasha na wenzake. Hiki atakwama. Mama yake yuko kazini kutwa. Akikwama atamtafuta nani?"

Kifurushi kiliondoka. Wiki ya kwanza, ya pili, ya tatu, alikwenda posta mara mbili kila wiki kuuliza, mpaka karani akaanza kumjibu kabla hajafika dirishani. Jumapili alipiga simu na kujizuia asitaje kitabu. Binti yake alipomwambia kimefika, hakuthubutu kuuliza kimewekwa wapi. Usiku alikuwa anaona lile kasha chini ya kitanda, ambalo hajawahi kuliona, na kifuniko chake kikifungwa.

Ilikuwa Jumapili ya sita. Alikuwa anaanika nguo uani, mikono imelowa, simu ilipolia. Kwa miaka sita yeye ndiye aliyekuwa akipiga. Aliitazama ikalia mara tatu kabla hajakumbuka kuipokea.

"Bibi, fuvu ni nini?"

Hakuna shikamoo, hakuna nzuri. Mama Kurasa alikaa palepale juu ya beseni lililopinduliwa.

"Kunja ngumi. Haya, gonga kichwa chako. Polepole, usijiumize."

Kwa mbali zikasikika: ko, ko.

"Hilo ndilo fuvu."

"Hii yote?"

"Lote. Linazunguka mpaka nyuma."

"Na Bibi ana fuvu?"

"Ninalo, ila langu limejaa vitabu vya kuku."

Mtoto alicheka mpaka akakohoa. Kisha akauliza neno linalofuata, na jingine. Kwa dakika arobaini walisoma nusu ukurasa. Nguo zilikaukia ndani ya ndoo.

Tangu siku hiyo wamesoma kurasa tatu. Mjukuu husoma kwa sauti, akikwama bibi hungoja, na kungoja huko, Mama Kurasa anasema, ndiko kunakomtoa jasho, kwa sababu neno analo mdomoni. Jumapili iliyopita mtoto alimkatiza alipotaka kumsaidia: "Subiri, Bibi, nitaiweza."

Atastaafu akifika miaka sitini. Tayari amemwambia mwenye duka kwamba hataki sherehe wala saa ya ukutani, ampe fedha hizo aziunge kwenye nauli ya ndege ya kwenda kwa mjukuu. Anapiga mahesabu kwa vidole: ukurasa kwa wiki, kurasa tisini na sita, ni karibu miaka miwili. Anataka ukurasa wa mwisho wausome wamekaa kiti kimoja, kitabu kimoja mapajani, simu imezimwa.

Na mtoto akipata kasi? Akianza kusoma kurasa tano kwa siku, bila kukwama, bila kuuliza?

Mama Kurasa anaanza kucheka, lakini kicheko kinamwishia njiani. Kwenye kona yake mteja amesimama na mtoto mkononi, anamngoja.

"Nitafurahi," anasema, akivaa miwani. "Wallahi nitafurahi. Lakini nitamwomba anisubiri."