Mikro ya Kweli ya Kadutu

Gita yangu ilinyamaza wakati wa matoleo. Watu walikuwa wamepanga mstari katikati ya kanisa, wengine wamebeba vikapu vya ndizi na maharage, korali imefika kwenye ubeti wa tatu, na mimi nikatelezesha chuma juu ya nyuzi nikasikia ubao tu. Nikachomoa waya, nikaurudisha, nikazungusha vitufe vya sauti. Hakuna kitu. Kiongozi wa korali alinitazama, akaona nimeshindwa, akaendelea na ngoma.

Ni gita ya kulaza. Unaiweka juu ya mapaja kama sinia, mkono wa kulia unadonoa nyuzi, wa kushoto unapitisha kipande cha chuma juu yake, na sauti inapanda na kushuka bila kukatika. Wazee wa Bukavu waliiita hawayene. Baba yangu ndiye aliyenifundisha, ingawa shangazi zangu waliona aibu msichana kukaa na gita mapajani, na alipokufa ikabaki kwangu. Leo mimi ni mwalimu wa shule ya msingi, watoto wangu wamekwisha kuoa na kuolewa, na katika paroisi yetu hakuna mwingine anayeipiga.

Kilichokuwa kimekufa ni mikro. Kwetu neno hilo lina maana mbili. Kuna mikro ya kusemea, na kuna mikro ya gita, kisanduku kidogo kinachokaa chini ya nyuzi, ndani yake sumaku iliyozungushiwa uzi wa shaba mwembamba kama unywele. Uzi huo ukikatika mahali pamoja tu, gita nzima haisemi tena. Yangu ilitengenezwa hapa hapa mjini. Chini yake kulikuwa na nukta mbili zilizopigwa kwa msumari, na sisi wachache tunaopiga gita ya kulaza tulijua kwamba mikro ya nukta mbili ndiyo ya kweli. Nyingine zilikuwa kelele. Baba ndiye aliyeinunua. Mimi sikuwahi kuuliza alikoitoa.

Baada ya misa nikauliza.

"Enda Nyawera," kiongozi wa korali akasema. "Ni yule fundi wa pikipiki. Njo yeye wa kweli."

"Uongo," mpiga besi akamkatiza. "Ni papa wa Kadutu, ule muzee wa maradiyo. Ule wa Nyawera anaigiza tu."

Wakaanza kubishana, nikawaacha hapo mlangoni. Nyawera iko karibu na shule yangu, kwa hiyo nilianzia huko.

Juu ya mlango wa karakana palikuwa na kibao kipya: MIKRO YA GITA YA KWELI. USIDANGANYWE. Fundi alikuwa mwanaume wa umri wangu, mikono myeusi kwa mafuta, maneno machache. Alichukua vipimo vya gita kwa kamba, akaniambia nirudi. Niliporudi alikuwa amenitengenezea mikro nzuri kwa macho: kisanduku cha shaba kilichosuguliwa mpaka kinang'aa, na chini yake nukta mbili. Nikafurahi. Jumapili, mara tu tulipopandisha sauti, mikro ikaanza kupiga mluzi mkali, mrefu, usiokoma. Padri aliinua macho kwenye paa kutafuta popo.

Nikapanda Kadutu. Ukitoka sokoni unachukua njia ya miguu inayopanda kati ya nyumba, unapisha watu wenye mizigo, na mvua ikiwa imenyesha unashika kuta. Kibanda cha papa kilikuwa juu kabisa, nacho kilikuwa na kibao: MIKRO ZA KWELI ZA GITA NI HAPA PEKEE. Ndani alikaa mzee mwembamba, miwani imefungwa kwa waya, radio zilizofunguliwa zimemzunguka pande zote. Nilimwonyesha mikro ya Nyawera.

"Hii si yangu," akasema kabla hajaishika.

"Lakini papa, iko na nukta mbili."

"Nukta kila mutu anaweza kupiga, madamu."

Akanitengenezea yake. Haikupiga mluzi hata kidogo. Ilikuwa safi kama maji, ila nyuzi mbili zilisikika kwa nguvu, mmoja kwa mbali, na mwingine ulikuwa kama haupo. Ukipiga wimbo, noti zinaanguka katikati kama meno ya mtoto. Nikaigeuza: nukta mbili.

Sasa nilikuwa na mikro tatu za kweli, moja imekufa na mbili haziimbi. Niliziweka kwenye meza ya jikoni, nikazitazama, na nikaanza kuamini kwamba kuna mtu wa tatu. Mjini hapakukosekana wa kunisaidia kuamini hivyo. Mmoja aliniambia fundi mwenyewe alikwenda Kamituga kuchimba dhahabu na hakurudi. Mwingine aliapa kwamba mikro zilitoka Kampala zikiwa tayari, na hawa wawili walikuwa wanapiga nukta tu. Wa tatu alinipa namba ya simu ya mtu wa Kalehe, akisema ndiye hasa. Nikampigia. Mtu wa Kalehe alicheka sana. Alikuwa mpiga gita tu kama mimi, na mikro yake aliinunua Kadutu.

Nikarudi Kadutu na zote tatu ndani ya mfuko. Papa hakuwapo, alikuwa ameenda kwenye mazishi. Mbele ya kibanda alikaa mke wake, mama mnene mwenye kitambaa cha kichwa cha manjano, anachambua maharage kwenye sinia.

"Karibu, madamu. Inakusumbua tena?"

Nilimweleza yote, hata habari ya Kamituga na Kampala. Aliposikia Kampala akaweka sinia chini. Akanyoosha mkono nikampa ile mikro ya zamani ya baba, na akaishika kama mtu anayeshika kitu cha nyumbani kwake.

"Hii ni ya bwana yangu na ndugu yangu," akasema. "Yote mbili. Pamoja."

Fundi wa Nyawera alikuwa mdogo wake, tumbo moja. Miaka mingi shemeji hawa wawili walifanya kazi hiyo kwa kugawana. Mdogo alitoa sumaku kwenye pikipiki zilizokufa, akazikata, akazipanga sawasawa chini ya kila uzi, akatengeneza kisanduku. Papa alizungusha uzi wa shaba, kwa mkono, taratibu, bila kuacha nafasi. Kila mmoja alipiga nukta yake.

"Sasa iliharibika juu ya nini?" nikauliza sababu.

"Juu ya radio," mama akasema. "Batu ba radio bakakuya hapa, bakamuliza bwana yangu: hizi mikro, nani anatengeneza? Akasema: ni miye. Haikukuwa siye. Miye. Bakapitisha ile emisio siku ya Yenga, saa ya kula, na ndugu yangu alikuwa pale kwa meza yangu, na fufu ndani ya mukono." Alinionyesha jinsi ndugu yake alivyolirudisha tonge la ule ugali wa muhogo kwenye sahani. "Akanawa mikono, akasema aksanti dada, akatoka. Tangu ile siku hajakanyaga hapa."

Emisio ni kipindi cha radio, na Yenga ni Jumapili. Tangu Jumapili hiyo kila mmoja alikuwa anatengeneza mikro nzima peke yake. Papa hakuwa na sumaku za pikipiki, akatumia vipande vya sumaku za bafle, yaani spika, vingine vina nguvu, vingine vimechoka. Mdogo hakuwa na subira ya uzi, akauzungusha kwa mota, ukalegea, ukapiga mluzi. Na nukta mbili kila mmoja aliendelea kuzipiga.

"Juu ya nini zote mbili?" nikauliza.

"Niliuliza bwana yangu. Akasema ni marke, ile alama batu banaijua." Mama akachukua tena sinia yake.

Alichambua maharage kidogo. Kisha yeye ndiye aliyepata wazo, si mimi. Kesho yake nikashuka Nyawera nikamwomba fundi anipe kisanduku na sumaku tu, bila uzi.

Alikuwa amelala chini ya pikipiki. Akatoka, akakaa.

"Nani alikuambia uombe hivi?"

"Dada yako."

Akajifuta mikono kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Akaniambia nirudi. Siku nilipopitia kuchukua, kilikuwa kimefungwa ndani ya gazeti. "Mwambie azungushe na mukono," akasema, na hakutaja nani.

Papa alifungua lile gazeti juu ya meza yake, akagusa sumaku moja moja kwa ncha ya bisibisi akisikia jinsi zinavyovuta. Akageuza kisanduku. Hapo akasita.

"Amepiga moja tu," akasema.

Niliinama nikaona. Kulikuwa na nukta moja, upande wa kushoto, na nafasi tupu pembeni yake. Papa akavua miwani, akaipangusa kwa shati, akaivaa tena. Kisha akavuta kiti akaanza kuzungusha uzi.

Ningependa kusema kwamba iliishia hapo, lakini kulikuwa na habari ya nta. Uzi ukishazungushwa unachovya mikro ndani ya nta iliyoyeyushwa ili uzi usitikisike. Papa alitaka kutumia mishumaa. Nikatumwa Nyawera kuuliza, nikaambiwa mishumaa peke yake inapasuka, changanya na nta ya nyuki. Nikapanda Kadutu na jibu hilo. Papa akasema nta ya nyuki ikizidi inabaki laini, kamuulize ni kiasi gani. Nikashuka. Nikapanda. Magoti yangu si ya msichana.

"Mama," nikamwambia mke wake, "miye nimechoka. Wajiulize wenyewe."

Mama akapangusa mikono. Alitoa simu kwenye kitenge chake, akabonyeza, akaiweka wazi juu ya meza katikati ya nyaya, sauti imefunguliwa.

"Allo, dada?" ikasema simu.

Papa aliitazama ile simu kama nyoka. Sufuria ya nta ilikuwa tayari kando yake, inayeyuka juu ya makaa.

"Iko inachemka," papa akasema hatimaye, akiongea na sufuria.

Simu ikakohoa. Kisha: "Inatoa povu?"

"Kidogo."

"Toa kwa moto! Itaunguza uzi! Toa!"

"Minajua kazi yangu."

"Unajua uzi, nta haujue! Usiguse kitu. Niko nakuya."

Alifika kwa pikipiki, bado na nguo za kazi. Hawakusalimiana. Aliingia moja kwa moja mpaka kwenye sufuria, akaingiza kijiti, akakitazama, akaongeza nta ya nyuki aliyokuja nayo mfukoni. Wakachovya mikro pamoja, mmoja ameshika waya, mwingine sufuria, wakibishana kwa sauti ya chini kuhusu muda. Walipoitoa na kuipangusa, ndipo papa akasema, akiwa amempa mgongo:

"Ile siku ya radio. Mbele ya mikro mutu anajisahau."

"Haukujisahau," mdogo akasema. "Ulinisahau miye."

Mama alikuwa amesimama mlangoni. Nilidhani ataingilia, hakuingilia. Papa alikaa akaitazama mikro mkononi. "Ni kweli," akasema. Akachukua msumari na nyundo, akapiga nukta ya kulia, pigo moja, akampa shemeji yake aone.

Nilikuwa nimepanda na gita, tukaifunga mikro chini ya nyuzi, tukaijaribu hapo hapo kwenye radio kubwa ya papa. Nilikaa juu ya kiti cha plastiki na gita mapajani, nikapitisha chuma kutoka chini mpaka juu, na nyuzi zote zikasema, kila moja kwa ukubwa wake, na sauti ikakaa hewani. Mdogo alisikiliza akiwa amefumba macho. "Uzi wa tatu uko juu kidogo," akasema. Papa akasema hapana. Wakaendelea hivyo.

Sasa wanafanya kazi pamoja tena, mmoja Nyawera, mwingine Kadutu, ila vibao vyote viwili bado viko juu, kwa sababu hakuna anayetaka kupanda ngazi kwanza. Kiongozi wa korali na mpiga besi hawajakubaliana mpaka leo. Niliwaeleza, wote wawili walinisikiliza vizuri, na kila mmoja akaona nimethibitisha maneno yake.

Mama yule amekuwa rafiki yangu. Siku moja alikuja kwangu na maharage, akaona gita juu ya kiti, akauliza kama kuipiga kunaumiza vidole. Miaka yote hiyo mikro zimepita katika nyumba yake, zimekauka kwenye dirisha la jiko lake, na hajawahi kushika gita. Nikamwekea mapajani. Sasa anakuja kila Alhamisi baada ya soko. Anakandamiza chuma mno, nyuzi zinalia, namwambia alegeze mkono, anasema ameulegeza. Wimbo mmoja anaujua karibu nusu.