Pikipiki ya Theluji ya Babu Arvo

Harufu ya petroli iliyochanganywa na oili ndiyo harufu ya majira ya baridi kwangu. Wenzangu niliosoma nao Doonside wakikumbuka baridi ya utotoni husimulia supu ya maboga na hita ya gesi sebuleni. Mimi nakumbuka gereji ya jirani yetu, sakafu yake ya saruji iliyopitisha baridi mpaka ndani ya soksi, na moshi wa buluu uliokuwa ukielea chini ya bati kabla ya kutoka taratibu kupitia mlangoni. Doonside theluji haidondoki. Asubuhi nyasi huwa na weupe kidogo wa umande ulioganda, na jua likipanda weupe huo hutoweka kabla watu hawajamaliza kwenda kazini. Kwa hiyo nikiwaambia watu kwamba nilijifunza majina ya vyuma kwa kutengeneza pikipiki ya theluji, pale pale magharibi mwa Sydney, hunitazama wakisubiri nicheke.

Nilikuwa na miaka kumi. Wazazi wangu ni Warundi, na mimi nilizaliwa kwenye kambi ya wakimbizi, mkoani Kigoma, kabla hatujaletwa Australia. Kule kambini Baba alikuwa fundi wa mashine za kusaga na pikipiki. Ilikuwa kawaida kumkuta mtu amekaa mlangoni kwetu na injini mapajani kama amepakata mtoto. Huku alipata kazi kwenye kiwanda cha nyama, na karibu na Krismasi akaumia mgongo. Daktari alimwambia apumzike, naye akapumzika kupita kiasi. Alikaa kwenye kochi tangu asubuhi, televisheni ikiwaka bila sauti, na ukimuuliza jambo lolote alijibu "sawa", hata kama ulichomuuliza ni anataka chai au maziwa. Mama alikuwa akifanya kazi kwenye nyumba ya kutunza wazee, Blacktown. Alirudi jioni amechoka, akamtazama, akavua viatu, akaingia jikoni. Na mimi, kama watoto wengi wa kwetu huku, nilielewa Kiswahili chote lakini nilijibu kwa Kiingereza. Baba Kiingereza kilikuwa kikimpita juu juu. Tulikaa nyumba moja, kila mmoja na lugha yake, na zilikuwepo siku ambazo hatukusemezana kabisa.

Jirani yetu aliitwa Arvo. Alikuwa mzee mrefu aliyekuja Australia kijana kutoka nchi ya baridi kaskazini mwa Ulaya, akafanya kazi miaka mingi kwenye milima ya theluji kusini, akitunza mitambo ya kupandisha mlimani watu wanaocheza kuteleza kwenye theluji. Mama alinifundisha kumwita Babu Arvo, na alipojua maana yake alifurahi, akawa anajitambulisha hivyo hivyo hata kwa mtu wa posta. Mke wake alikuwa amefariki, na mikono yake ilikuwa imeanza ugonjwa wa kutetemeka. Binti yake aliyeishi mbali, upande wa joto, alikuwa amemwandalia chumba. Baridi ikiisha, nyumba ya Doonside ingeuzwa na yeye angehama. Lakini gereji yake ilikuwa na kitu kimoja ambacho hakutaka kukiacha kimekufa: pikipiki ya theluji, kuukuu, ya manjano iliyopauka, yenye skii mbili mbele, zile bapa ndefu za kutelezea, na mkanda mpana wa mpira nyuma badala ya magurudumu. Alikuwa akiiendesha na mkewe, yeye mbele, mke nyuma. Alitaka kuipanda mara moja tu tena.

Tulimsikia Jumamosi moja akivuta kamba ya kuwashia. Injini ilikohoa, ikanyamaza. Akavuta tena, kisha tukasikia akilaani kwa lugha ya kwao. Baba aligeuza kichwa. Sauti ilipojirudia aliinuka kwenye kochi, akiwa ameshika kiuno, akaenda hadi kwenye uzio na ndala zake.

"Aline," aliniita. "Mwambie mzee asivute tena. Haipati mafuta."

Ndivyo nilivyoajiriwa. Kuanzia siku hiyo, kila nilipotoka shule, nilikaa juu ya kreti kati ya wanaume wawili ambao hakuna aliyeelewa lugha ya mwenzake. Mikono ya Babu Arvo haikuweza tena kushika skrubu ndogo. Alijua mashine yake ilivyo, lakini vidole vilimkatalia. Baba hakuwahi kuiona mashine ya namna ile, wala theluji yenyewe hakuwahi kuiona. Mmoja alieleza, mwingine alifungua, na maneno yote yalipita kwangu. Nililazimika kukitoa Kiswahili mdomoni, nacho kilitoka kibovu, ngeli zimevurugika, Baba akinirekebisha bila kuinua macho. Plagi. Kabureta. Ringi za pistoni. Tulikuta panya wamejenga kwenye bomba la moshi, wametandika na vipande vya kofia ya sufu iliyokuwa ya marehemu mkewe. Babu Arvo alivitoa kimoja kimoja, akaviweka mfukoni. Baba alisubiri, spana mkononi, hakumharakisha.

Wiki zilipita hivyo. Kabureta ilisafishwa mpaka ikang'aa, mkanda wa kuendeshea, ule mdogo wa ndani, ukapatikana kwa fundi mmoja wa trekta. Mama alipita kila jioni akatuletea chai ya maziwa kwenye chupa, akasimama kidogo mlangoni akisikiliza Baba anavyoongea. Kisha ikaja siku mbaya. Baba alifungua silinda akakuta pistoni imepasuka ubavuni, na kila mahali tulipopiga simu, mimi nikiuliza kwa sauti ya kitoto niliyojitahidi kuifanya nzito, tuliambiwa vipuri vya mashine ile havitengenezwi tena.  Babu Arvo akaanza kuvuta turubai kuifunika mashine.

"Mwambie baba yako ahsante," alisema. "Mwambie yatosha. Sote wawili ni wazee, mimi na hii."

Nilimwambia Baba. Yeye aliweka spana chini, akafuta mikono kwa kitambaa, kidole kwa kidole, kisha akasema akiitazama mashine, si mimi.

"Mwambie tangu Krismasi nimekaa kwenye kochi. Mwambie hapa ndipo mahali pekee ninapoamka nikitaka kuja. Akiifunika leo, kesho mimi sijui nitaamkia nini."

Sikutaka kuyasema. Hayakuwa maneno ya mtoto kubeba, na mpaka siku ile sikujua kama Baba alikuwa anayo ndani yake. Nilimtazama nikitumaini atacheka au atasema niyaache. Macho yake yalibaki kwenye mashine. Basi nikayasema kwa Kiingereza, polepole, moja baada ya jingine, nikiogopa kwamba nikikosea neno moja tu kitu kitavunjika.  Babu Arvo akaliachia turubai, akaingia ndani, tukamsikia anapiga simu. Aliporudi alisema ana rafiki wa zamani, mfugaji wa kondoo kule milimani, ambaye kwenye banda lake kuna mashine kama ile ile, imekufa mkanda na skii, lakini huenda pistoni bado nzima.

"Twende," Baba alisema, kabla sijamaliza kutafsiri.

Tulikwenda wakati wa likizo ya Julai, ambayo huku ndiyo katikati ya baridi, mashine ya manjano ikiwa kwenye trela, injini iko wazi chini ya turubai. Mama aliomba ruhusa kazini. Alisema hawezi kuwaacha mgonjwa wa mgongo na mgonjwa wa mikono waende kwenye barafu na mtoto. Alifunga chapati na maharage kwenye hotpoti, akajifunga kitenge juu ya koti. Tulipita Campbelltown, tukaendelea kusini mpaka nyumba zikapungua na nyasi zikawa za rangi ya majani makavu, na baada ya Cooma tukaona weupe kwenye vilima. Baba alimwomba Mama, aliyekuwa akiendesha, asimamishe gari. Alishuka, akachota theluji, akaibana kiganjani, akainusa.

"Nilidhani ina uzito," aliniambia. Nilimjibu kwa Kiswahili, bila kufikiri, kwamba hata mimi nilidhani hivyo.

Mchana wote walifanya kazi bandani, kondoo wakikohoa upande wa pili wa mbao. Pistoni ilikuwa nzima. Baba aliipaka oili, akaishusha kwenye silinda kwa vidole viwili, na Babu Arvo akainamia pale akinong'ona maelekezo ambayo niliyanong'ona pia. Asubuhi yake tuliisukuma nje. Babu Arvo akavuta kamba, mkono haukuwa na nguvu. Mwenye shamba alikuwa ameenda kulisha. Baba akaishika kamba, na hapo Mama akamsogeza kando.

"Baba Aline, kaa mbali na huo mgongo wako. Kazi yangu ni kuinua watu wazima kutwa nzima."

Alivuta mara moja, kitenge kikapepea, na injini ikawaka kwa kelele iliyotimua ndege wote kwenye mikalitusi. Mama aliruka nyuma akiita "Yesu wangu!" huku bado ameshika kamba. Babu Arvo alicheka mpaka akakaa kwenye theluji.

Kwenye hifadhi ya taifa iliyopakana na shamba ni marufuku kwenda na mashine kama ile, lakini shamba lilikuwa na njia yake, ikipita kando ya uzio, ikipanda kati ya miti yenye magome ya rangi ya krimu na kijani, ikizunguka bonde na kurudi. Babu Arvo alikaa mbele. Mikono ilitetemeka kwenye usukani, na kile kikono kidogo cha mafuta kinachosukumwa kwa kidole gumba kilimshinda. Basi Baba akakaa nyuma yake, akapitisha mikono pande zote mbili, akaweka viganja vyake juu ya viganja vya mzee. Wakaondoka hivyo. Hawakuwa na mkalimani. Tuliwaona wakipanda, wakipotea nyuma ya miti, na sauti ikipungua mpaka tukasikia theluji ikidondoka kutoka matawini. Waliporudi, nyusi za Babu Arvo zilikuwa nyeupe na mashavu yake yamelowa, na Baba alikuwa anaimba. Kisha wakanichukua mimi. Nakumbuka upepo ulionikata meno, mtetemo wa injini uliopanda kwenye mifupa ya makalio, na mgongo wa baba yangu ulionyooka mbele yangu, mpana, nikiwa nimeukumbatia kwa nguvu zangu zote.

Septemba Babu Arvo alihamia kwa binti yake, na mashine akamwachia yule mfugaji. Mwaka uliofuata Baba aliajiriwa kutengeneza mashine za kukatia nyasi, na kochi likawa la wageni. Miaka michache baadaye binti wa Babu Arvo alipiga simu kutupa habari ya msiba. Nilipotaka kupokea nizungumze, Baba alinizuia kwa mkono, akaongea naye mwenyewe, Kiingereza chake kilekile cha kuvunjika, na hakuhitaji msaada.

Sasa naishi Campbelltown na nina mtoto wa kiume wa miaka tisa. Ana koti la theluji lake mwenyewe; shule ilishawapeleka milimani, akarudi na picha kwenye simu. Huongea na babu yake, yaani Baba, vizuri tu, kwa sababu Baba amejifunza Kiingereza cha kumfuata alipo. Hajawahi kwenda kwa daktari kumsemea mzazi, hajawahi kuulizia kipuri kwa sauti ya kujikaza, na mimi nashukuru, kwa kuwa nilijitahidi sana asiyabebe hayo. Lakini nikimwona amekaa nasi mezani, watu wazima tukiongea juu ya kichwa chake na kuelewana kila neno, huwa nawaza kwamba hajui jinsi ilivyo pale watu wawili unaowapenda wanapokugeukia kwa pamoja na kunyamaza, wakisubiri ufungue mdomo.